Jumba la Mtoni na Mashahidi Wake Watatu

Wasomi wetu wamezoea kuhakiki tenzi, mashairi na hadithi. Ni wachache waliothubutu kuhakiki nyumba. Lakini nyumba, kama utungo, ina mtungaji wake, ina kanuni zake, ina watu waliokusudiwa kuitazama, na ina mambo iliyoyanyamazia. Mtu ajengaye hutaka kuonekana kwa namna fulani, na namna hiyo huiandika ukutani. Mvua ikishafuta chokaa na dari ikishaanguka, hubaki maandishi yaliyokatika, ambayo msomaji hana budi kuyaunganisha mwenyewe. Madhumuni ya insha hii ni kuisoma nyumba moja ya namna hiyo, nayo ni jumba la Mtoni katika kisiwa cha Unguja, na kuuliza swali ambalo kwa fikira zangu halijajibiwa sawasawa: thamani ya magofu yale ni nini, na ni thamani kwa nani?

Huko Unguja neno "shamba" halina maana ya konde peke yake. Ni kinyume cha "mjini". Katika karne ya 19 watawala na matajiri walikuwa na nyumba mbili: moja ya mjini, kwa ajili ya biashara, hukumu na wageni, nyingine ya shamba, kwa ajili ya upepo, maji na kivuli. Nyumba za mjini zilibanana katika vichochoro vyembamba, zikisimama wima kwa kukosa nafasi. Nyumba za shamba zilijinyosha. Mtoni ndilo kongwe katika majumba ya shamba ya masultani wa Unguja, na kwa sababu hiyo lastahili kusomwa kwanza.

Lipo pwani, kilomita chache kaskazini ya mji, katika njia iendayo Bububu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na katika miaka iliyofuata akalijenga jumba hili na kulifanya makao yake makuu. Mahali penyewe hapakuwa patupu. Palikuwa na shamba la Saleh bin Haramil, mfanyabiashara atajwaye kuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda mikarafuu Unguja, na mashamba yake yalitwaliwa na Seyyid. Jambo hili si dogo. Laonyesha kwamba jumba la Mtoni na zao la karafuu ni ndugu waliolelewa pamoja: fedha iliyonunua vioo na saa za ukutani ilichumwa mitini, na mikono iliyochuma ilikuwa mikono ya watumwa. Mwenye kuisifu nyumba asiusahau mti, na mwenye kuutazama mti asimsahau mchumaji.

Mashahidi wa nyumba hii ni watatu. Wa kwanza ni kitabu. Wa pili ni mawe. Wa tatu ni masimulizi. Kila mmoja anena kweli kwa kadiri yake, na kila mmoja aficha kitu. Kazi ya mhakiki ni kuwasikiliza wote watatu bila ya kumpendelea yule mwenye sauti tamu.

Shahidi wa kwanza ni Bibi Salme, binti Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaitwa Emily Ruete. Mume alifariki mwaka 1870, naye akabaki ugenini na watoto wadogo. Kumbukumbu zake zilitoka kwa lugha ya Kijerumani mwaka 1886, na mwanzo wake alikusudia kuwaandikia watoto wake, wapate kujua mama yao alitoka wapi. Kwa hiyo kitabu hiki, ambacho watu wa Ulaya walikisoma kama dirisha la kuchungulia nyumba ya wanawake, kwa asili yake kilikuwa wasia.

Sura ya kwanza ya kitabu ni nyumba yenyewe. Hapo twaonyeshwa ua mkubwa wenye tausi, paa, mbuni, korongo na mabata wakizurura wapendavyo. Twaonyeshwa mto mdogo uliolipa jumba jina lake, ukipita na kumwagika baharini. Twaonyeshwa safu ya hamamu mwishoni mwa ua, zipatazo kumi na mbili, na mbali nazo hamamu ya Kiajemi iliyosifiwa kuliko zote kisiwani. Twaambiwa kwamba watu wapatao elfu moja walikaa pale: wake, masuria, watoto, matowashi, watumwa na wageni. Mbele ya nyumba kuu, upande wa bahari, palikuwa na jukwaa la mbao la mviringo, lenye paa, lililosimama juu ya nguzo. Bibi Salme aliita benjile. Humo Seyyid alitembea huku na huko kwa saa nyingi, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa jeraha la zamani la risasi, na humo alitazama kwa darubini merikebu zake zilizotia nanga.

Uzuri wa masimulizi haya hauna shaka. Lakini msomaji mwangalifu hutambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba Bibi Salme alihamishwa Mtoni akiwa na umri wa miaka kama saba, kwenda kukaa mjini na ndugu yake Majid. Alipoandika alikuwa mtu mzima, mjane, katika nchi ya baridi. Nyumba aliyoijenga kitabuni imejengwa kwa kumbukumbu za mtoto na shauku ya mtu aliye mbali. Si ajabu basi kwamba katika nyumba hiyo wanyama waonekana wazi kuliko wapishi, na maji kuliko wachota maji. Mtoto huona kile kimfurahishacho, na mwenye shauku hukumbuka kile alichokikosa.

La pili ni kwamba mwandishi huyu, pamoja na shauku yake yote, hakudanganya juu ya umbo la nyumba. Asema wazi kwamba halikuwa jumba zuri. Halikufuata ramani moja. Liliongezwa kipande baada ya kipande kila haja ilipotokea, hata likawa na njia na vishoroba vingi vya kumpoteza mgeni, na ngazi za kutisha zilizojengwa kana kwamba ni za majitu. Hapa nampa heshima kubwa. Mtu apendaye nyumba na bado akathubutu kusema kwamba ni mbaya wa sura, huyo ni shahidi wa kuaminiwa katika yale aliyoyaona.

Sasa tumgeukie shahidi wa pili. Kuta zilizosalia Mtoni ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe ni jiwe jepesi, lililojaa vitundu, lisilokubali kuchongwa kwa pembe kali. Kwa hiyo mwashi hulilaza ndani ya chokaa nyingi na kulifunika kwa lipu. Chokaa yenyewe ni tumbawe lililochomwa katika tanuu ya magogo, likazimuliwa kwa maji. Kwa maneno mengine, ukuta na kiunganisho chake ni kitu kimoja kilichopita njia mbili, moja ya moto na moja ya mkono. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe madogo na chokaa, kisha sakafu ikatwangwa kwa vipande vya miti siku nyingi mfululizo, watu wakiimba ili mikono ipige pamoja.

Boriti ndiyo kanuni ya nyumba zote za namna hii. Mkoko haufiki mbali: ukipita yapata mita tatu hunepa na kuvunjika. Kwa sababu hiyo vyumba vya Unguja, viwe vya tajiri au vya mtawala, vilikuwa virefu na vyembamba. Mwenye mali aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Wanafunzi wa ushairi watalielewa jambo hili upesi. Boriti ni mizani ya nyumba. Mshairi wetu apewa mizani nane katika kipande, na ustadi wake huonekana si kwa kuzivunja bali kwa yale awezayo kuyaweka ndani yake. Vivyo hivyo mwashi alipewa mita tatu. Akatoboa zidaka ukutani, zikafuatana kama vina, ili kuta zisizoweza kusogezwa zionekane kuwa na kina. Akaweka matao ili macho yasisimame. Akafungua ua katikati ili upepo wa baharini upate njia. Mwenyewe jumba alikuwa bwana wa watu wengi, lakini katika jambo hili alitii sheria ya mti wa pwani.

Hapo ndipo shahidi wa pili anapomsahihisha wa kwanza. Bibi Salme aliona fujo. Mawe yaonyesha kwamba chini ya ile fujo palikuwa na nidhamu, ila si nidhamu ya mchoraji mmoja aliyekaa na karatasi. Ni nidhamu ya mafundi, waliojua kipimo kimoja na kukirudia kila walipoambiwa waongeze chumba. Jumba la Mtoni halikutungwa kama utenzi wenye mwanzo na mwisho uliokusudiwa. Lilitungwa kama mashairi ya kujibizana: huyu anaongeza ubeti, na yule anaongeza wake, kila mmoja kwa kanuni ile ile, na jumla yake hakuna aliyeipanga. Anayekuja na macho ya Ulaya kutafuta ulinganifu wa mbele na nyuma, kushoto na kulia, hatauona, na aweza kudhani kwamba hapana sanaa. Amekosea mahali pa kutazama.

Lipo jambo jingine ambalo kitabu na mawe husema pamoja, nalo latuhusu sisi wa lugha ya Kiswahili. Bibi Salme aeleza kwamba Mtoni, mbele ya Seyyid, ilipasa kusemwa Kiarabu tu. Lakini mara alipogeuza mgongo zilisikika lugha nyingi, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Nyumba ilikuwa na lugha ya mbele na lugha za nyuma, kama ilivyokuwa na benjile mbele na majiko nyuma. Hata hivyo jina lililoshika si la Kiarabu. Kwa Kiarabu liliitwa Bet il Mtoni, na katika jina hilo Kiarabu kimetoa neno la "nyumba" tu; mahali penyewe pamebaki kwa Kiswahili. Mabwana walileta neno la kumilikia, na wenyeji wakatoa neno la kutambulisha. Leo la kwanza limeanguka, la pili limesimama. Watu husema "Mtoni" basi.

Kadhalika kitabu chenyewe kilitokana na uvunjaji wa sheria ya nyumba. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, wala hawakufundishwa kuandika. Bibi Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimtia matatani mwaka 1859, alipokuwa mwandishi wa ndugu yake Barghash katika uasi juu ya Majid. Lakini laiti angalitii mwiko ule, leo tungalikuwa na kuta bila ya neno hata moja la mwanamke aliyekaa ndani yake. Wahakiki wasemao kwamba kitabu kile ni cha binti wa mfalme tu, na kwa hiyo hakina haki ya kuaminiwa, wasisahau kwamba hata binti wa mfalme aliiba kalamu.

Pamoja na hayo, haki ya kumsifu yaleta haki ya kumlaumu. Katika kitabu chake ipo sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo autetea utumwa wa Mashariki kwa kuulinganisha na ule wa wengine, na alalamika kwamba Wazungu wameukomesha kwa haraka bila ya kufikiri. Alipoandika hayo soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa, mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Siwezi kuipita sura hiyo kimya kwa ajili ya uzuri wa sura ya kwanza. Kitabu kilekile kituoneshacho maji ya Mtoni ndicho kitunyimacho jina la aliyeyachota. Kasoro hii si ya kumbukumbu za mtoto. Ni kasoro ya mtu mzima aliyechagua.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu Mtoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya zidaka na matao, na juu ya mizani ya boriti niliyoitaja hapo juu. Nilieleza jinsi sakafu zilivyotwangwa. Wengi waliandika. Mwanafunzi mmoja wa kike hakuandika. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kipande cha sakafu ya zamani. Akaniuliza, "Mwalimu, na wale waliotwanga sakafu hii walilala wapi?" Nilitazama huku na huku. Niliweza kumwonyesha alipolala Seyyid, au karibu na hapo. Niliweza kumwonyesha walipooga masuria. Swali lake sikuwa na ukuta wa kulijibia. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Na tangu siku ile sijaweza kufundisha habari za nyumba hii kwa namna niliyoizoea.

Ndipo nilipomkumbuka shahidi wa tatu. Katikati ya kisiwa, huko Dunga, yapo mabaki ya jumba jingine la shamba. Lilijengwa katika miaka ya 1840 na 1850 na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, mtawala wa asili wa Wahadimu, aliyefariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873, na cheo kikaisha naye. Juu ya jumba la Dunga watu husimulia kwamba watumwa waliuawa wakati wa ujenzi, na damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara. Mwanahistoria atauliza ushahidi, na ana haki. Mhakiki wa fasihi huuliza jambo jingine: kwa nini watu walisimulia hivyo, na wakaendelea kusimulia? Jibu langu ni kwamba masimulizi hayo si habari za chokaa. Ni hukumu. Watu wasiokuwa na kalamu wala mwashi wa kuwajengea walitaka isisahauliwe kwamba nyumba ile imesimama kwa uhai wa wengine, wakalisema neno hilo kwa sura ambayo hakuna aisikiaye akaisahau. Bibi Salme alikuwa na Kijerumani na mpiga chapa. Wao walikuwa na ulimi. Kama kitabu chake ni ushahidi juu ya nyumba, basi na masimulizi yao ni ushahidi, wala hayana budi kusomwa kwa uangalifu uleule.

Katika fasihi yetu tunao utungo mkuu wa magofu, yaani Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa juu ya kuanguka kwa Pate. Kizazi baada ya kizazi kimejifunza kwake namna ya kutazama kuta zilizobomoka: kwamba ulimwengu hauna dawamu, na mwenye jaha leo ni mavumbi kesho. Sina nia ya kulipinga fundisho hilo. Ila naona limetuzoeza kutazama upande mmoja. Tukisimama mbele ya gofu, fikira zetu humwendea mara moja mwenye nyumba, jinsi alivyokula, alivyolala na alivyokufa. Twamhurumia au twamsuta, lakini ni yeye tu. Mwashi hatumwoni. Na huyo mwashi kazi yake haikuanguka. Ndiyo hiyo tuiegemeayo tukitafakari. Nyumba ya mwenye jaha imekufa, nayo kazi ya asiye jaha ingali ikisimama juani bila ya paa.

Nikifika hapa najua kwamba wapo watakaonipinga kwa njia mbili, nazo zastahili kujibiwa.

Wa kwanza husema: majumba haya ni ya masultani, na usultani ulikwisha kwa Mapinduzi ya Januari 1964, yaacheni yafe. Wasemayo yana maumivu ya kweli, wala si vema kuyadharau. Lakini wanaliacha jumba kwa Sultani kana kwamba yeye ndiye aliyelijenga. Yeye aliamuru. Waliokata boriti, waliochoma tumbawe, waliotwanga sakafu hawakuacha kitabu, hawakuacha picha, na kwa wengi wao hata kaburi halijulikani. Kuta zile ndizo saini yao pekee. Kuziacha zianguke kwa kumchukia bwana ni kuwafuta mara ya pili wale aliowatumikisha.

Wa pili husema kinyume chake: lijengwe upya, lirudishiwe paa, benjile na tausi, wageni waje watazame. Hawa nao wana hoja, maana nyumba isiyoleta faida ni shida kuitunza. Lakini benjile lilikuwa la mbao na limepotea. Atakayelijenga atalijenga kutokana na maneno ya kitabu, tena maneno ya mtoto wa miaka saba. Litakuwa jukwaa jipya lililovishwa jina la zamani. Mila yetu ya ushairi ina njia njema kuliko hiyo. Sayyid Abdalla yuleyule wa Inkishafi ahesabiwa kuwa mtungaji wa Takhmisi ya Liyongo. Katika takhmisi mshairi wa baadaye huongeza vipande vitatu kwa viwili vya mshairi wa zamani, na ubeti hukamilika kuwa na vitano. Walakini ajuaye utungo hutambua mara moja ni vipi vya nani. Kuongeza si dhambi. Dhambi ni kuongeza na kutia saini ya mwingine. Ikiwa Mtoni patahitaji paa la kuzuia mvua au ngazi ya kupandia, na viwekwe, ila vionekane kuwa ni vya leo.

Zaidi ya hayo, magofu yale yana maandishi ya baadaye ambayo ujenzi mpya ungeyafuta. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na jumba likaanza kupoteza watu wake. Bibi Salme aliporudi mwaka 1885, akiwa amefuatana na manowari za Kijerumani, alikuta nyumba aliyozaliwa imekuwa gofu, ngazi zimeanguka na majani yameota. Ndugu yake Barghash, aliyekuwa Sultani, hakukubali kumwona. Naye alikuwa amekwisha kujijengea jumba lake la shamba huko Marhubi, karibu na mji, ambalo liliungua mwaka 1899 na kubakiza nguzo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mtoni ilifanywa ghala, na baadaye uwanja wake ukatumiwa kuwekea mafuta. Kila mmoja wa watumiaji hao aliandika kitu na kufuta kitu. Jumba lililorudishwa kuwa kama lilivyokuwa mwaka 1840 lingetuambia kwamba miaka yote iliyofuata haikuwapo.

Basi lifanywe nini? Maadamu nimewakataa wote wawili, nawiwa jibu. Kwanza, kuta zitibiwe kwa chokaa, si kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Huziba maji na chumvi ndani ya ukuta, na ukuta huoza kwa ndani huku uso wake ukionekana mzima. Tena ujuzi wa kuchoma na kuzimua chokaa uko katika mikono ya mafundi, na mikono huzeeka. Fundi asipopata kazi ya kufanya, mwanawe hatajifunza. Kulitunza jumba kwa chokaa ni kuutunza ujuzi uliolijenga, na huo ndio urithi ulio hai kuliko mawe. Pili, kila ukuta upimwe na kuchorwa kabla haujaanguka, maana ukuta ulioandikwa hufa mara moja, na usioandikwa hufa mara mbili. Tatu, masimulizi ya vijiji vya jirani yakusanywe kwa Kiswahili, kwa jinsi yanavyosemwa, bila ya kuyasahihisha. Nne, maelezo yatakayowekwa pale yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na yataje wajenzi pamoja na mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba tuna muda mwingi. Beit el Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote Unguja, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lipo mbele ya bahari, katikati ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lilikuwa linajulikana, linapendwa na linafanyiwa matengenezo. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Ikiwa ufa wa jumba hilo uliweza kushinda macho ya watu wote, je, ufa wa Mtoni utaonwa na nani? Wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya kale onyo ni kali zaidi, kwa kuwa ukuta wa kale hauwezi kujengwa tena. Uwezekanao kujengwa ni ukuta mpya tu.

Narudi kwenye swali langu la mwanzo. Thamani ya jumba la Mtoni haimo katika uzuri wake, maana hata aliyelipenda kuliko wote alikiri kwamba halikuwa zuri. Wala haimo katika ukuu wa mwenyewe, maana ukuu huo umekwisha. Imo katika jambo hili: kwamba pale, mahali pamoja, twaweza kuwaweka mashahidi watatu na kuwasikiliza wakisahihishana. Kitabu chatuambia maisha ya waliokaa juu. Mawe yatuambia akili ya waliojenga. Masimulizi yatuambia hukumu ya walioumia. Akiondoka mmoja, wawili waliobaki huanza kusema uongo bila ya kukusudia. Kitabu bila ya mawe huwa ndoto tamu. Mawe bila ya masimulizi huwa mapambo ya wageni. Masimulizi bila ya mawe hugeuka hadithi za kutishia watoto.

Na mwanafunzi wangu je? Bado sina ukuta wa kumwonyesha. Lakini naona sasa kwamba mkono wake ulikuwa umelijibu swali lake nusu, kabla hajaliuliza. Pale alipoweka kiganja ndipo walipofanyia kazi. Walipolala hatupajui, walipoinama na kutwanga twapajua, tena twaweza kupagusa, maadamu sakafu ile ingalipo. Kuihifadhi ni wajibu wa kizazi chetu, si kwa ajili ya Seyyid, bali ili siku moja mwingine aje aulize swali lilelile, akiwa na kitu chini ya mkono wake.